Salamu za Akina Dapković

Kwa Wapaštrovići, watu wa pwani ya Budva na Bar, maiti haendi kaburini mikono mitupu. Hutumwa. Jeneza likishatolewa ndani na kuwekwa uani juu ya viti, mwanamke husimama upande wa kichwa, hukamata ncha ya kitambaa chake cheusi, akaanza kumwimbia aliyelala: nyumba yako ilikuwa hivi, mikono yako ilifanya vile, sasa unakwenda, basi nisalimie baba yako, nisalimie nduguyo aliyeangukia milimani, nisalimie Mare wa akina Brajanović, mwambie mzeituni wake wa kisimani umezaa tena. Salamu hupangwa nyumba kwa nyumba. Anayemruka mfu wa watu huambiwa siku hiyo hiyo, na huambiwa tena kila msibani, mpaka siku atakapotumwa yeye.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Stane maisha yake yote, ingawa hakuna aliyewahi kuiita kazi.

Alizaliwa kwa akina Brajanović, kijiji cha juu, pale mawe yanapoanza kuwa mengi kuliko udongo, na bahari huonekana yote lakini haisikiki. Shangazi yake Kate, ambaye sauti yake ilivuka bonde, alimchukua misibani tangu akiwa mdogo ili amshikie mwavuli na viatu vya kubadilisha. Katika kushika viatu, Stane akaokota majina. Alijua kwamba akina Brajanović na akina Dapković walikuwa wana wa baba mmoja aliyeshuka na mbuzi wake kutoka milimani, wakaja kutengana kwa sababu ya kisima. Alijua nyumba ipi ilizimwa na tauni na ipi ilizimwa na kiburi. Alijua kwamba zamani, Venisi ilipotawala pwani, wazee wa ukoo walikuwa wakikaa baraza juu ya kokoto za ufukweni, waamuzi wanne wamekalia mawe, na mjumbe wa Venisi amesimama juani akisubiri waseme. Alijua waliokwenda Stambuli kulima bustani za watu, na watoto wao waliokwenda Amerika kuchimba shaba. Waliorudi walijenga ghorofa ya pili. Wasiorudi walijengewa mstari katika kilio.

Yote hayo hakuyasoma mahali. Aliyapata kwa wafu, kwa sababu kila mfu alipotumwa, ukoo mzima ulipita mbele ya jeneza lake kwa majina.

Shangazi Kate alikosea mara moja tu. Palikuwa na mtu aitwaye Špiro, wa akina Brajanović, aliyekuwa mgodini Amerika. Ikaja habari kwamba mgodi umeporomoka, habari ya mdomo, kutoka kwa mtu aliyeisikia kwa mtu. Mkewe akavaa nyeusi. Mama yake Špiro alipokufa, Kate alisimama kichwani pa jeneza akaimba: nenda, mama, mwanao anakungoja, mpanguse vumbi la shaba machoni. Watu walilia mpaka mbwa wakaanza kubweka. Masika yaliyofuata Špiro akashuka kwenye basi barabara kuu, ana kofia pana na meno mawili ya dhahabu.

Kwanza walicheka.

"Karibu, marehemu!" Wanaume walimpigia kelele kutoka mgahawani. "Habari za huko?"

"Huko wapi?"

"Huko tulikokutumia salamu. Mama yako amefika salama?"

Ndivyo Špiro alivyojua kwamba mama yake amekufa.

Walicheka kidogo, kisha hawakucheka. Taa ya mtakatifu wa nyumba yake ilikuwa imehamia kwa binamu yake. Zeituni zake zilikuwa zimechumwa na wengine, kwa haki, kama desturi isemavyo. Alipoingia mahali watu walimwamkia, lakini hakuna aliyemsogezea kiti. Hakuna aliyemwomba awe baba wa ubatizo, maana nani atamweka mtoto wake mchanga mikononi mwa mtu aliyekwisha tajwa? Mkewe alimpikia, akampa kitanda cha wageni. Majira ya zeituni hayajafika Špiro akaondoka tena, na safari hii hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

"Usimtumie mtu salamu mpaka umwone amenyooka," Shangazi Kate alimwambia Stane baada ya hapo, akivua viatu vyake. "Jina likishasemwa kule, huku halina pa kukaa."

Stane aliolewa na Andro Dapković, fundi mawe, mtu aliyetumia maneno kama watu wa kijiji cha juu wanavyotumia maji, kwa matone. Nyumba yao ilikuwa katikati ya mizeituni, chini ya monasteri. Walipata mtoto mmoja, Krsto. Tetemeko kubwa lilipokuja asubuhi ya Jumapili ya Matawi, ukuta wa mbele uliinama kama mtu anayetafuta kitu chini, ukaanguka. Walilala hemani chini ya mizeituni mpaka baridi, na Andro akaujenga ukuta ule upya kwa mawe yale yale, kila jiwe mahali pake pa zamani. Mtu alimuuliza amejuaje. "Niliupanga na babu," Andro alisema, akaendelea.

Krsto alikua mrefu, mwenye kifua kibovu cha akina Dapković, kikohozi kile kile cha babaye, na akasomea ubaharia Kotor. Vita vilipoanza upande wa pili wa ghuba, wito wa jeshi ukapita nyumba kwa nyumba. Krsto alisoma wito wake amesimama, akala chakula chake cha mchana, akachukua mfuko wake na kupanda meli iliyokuwa na bendera ya nchi ambayo hakuna kijijini aliyeijua. Andro alibaki mezani.

"Katika ukoo huu," alisema, "mtu huitwa akaitika."

Stane aliosha sahani.

Krsto alipiga simu wakati wa baridi, baada ya mavuno. Stane ndiye aliyepokea.

"Mama, mmechuma?"

"Tumechuma. Zilikuwa chache."

"Mpe baba."

Andro alikuwa mezani, hatua tatu kutoka hapo, anakata jibini. Alitikisa kichwa bila kuinua macho. Kisha akakohoa.

"Baba yuko nje," Stane akasema.

Upande wa pili palikuwa na kelele za bandari, vyuma na ndege wa baharini. "Nimemsikia akikohoa, mama," Krsto akasema. "Haya."

Hiyo "haya" ndiyo ya mwisho. Walipoitafuta ofisi ya meli ile, ilikuwa imehama. Baharia mmoja alisema alimwona Antwerpeni. Mwingine alisema meli ilizama, mwingine kwamba iliuzwa ikabadilishwa jina, na wote walisema kwa uhakika ule ule, wameshika glasi.

Hakuna siku ambayo Stane angeweza kuionyesha na kusema, siku hii ndipo ilipoanza. Kitu fulani ndani yake kilikaa chini tu, kama mtu aliyesubiri basi muda mrefu. Aliendelea kuitwa misibani, na watu wakasema hajawahi kulia vizuri kama sasa. Hakukosa jina. Sauti haikukatika. Anđe, jirani yake wa ng'ambo ya kijito, ambaye mdomo wake haukuwahi kuwa na mlango, ndiye aliyelisema: "Stane analia kama mtu anayeshona. Mishono ya karibu-karibu, na jicho kavu." Lilikuwa kweli. Waliomzunguka walichanika, naye alikuwa akiangalia udongo kwenye viatu vya wabebaji, akifikiria chungu alichokiacha jikoni.

Na katika misiba yote hiyo hakumtaja Krsto. Wala hakuna aliyemuuliza. Ila kila alipofika kwenye wafu wa akina Dapković, wanawake waliokuwa wakimwitikia walipunguza sauti kidogo wakatega sikio, na akisha pita, wakaendelea.

Andro aliugua mwaka ule ambao mizeituni ilizaa mpaka matawi yakagusa nyavu zilizotandazwa chini. Alilala chumba cha chini kwa sababu ngazi zilimshinda. Mchana mmoja Stane alimletea chai ya mimea ya mlimani, akamwinua kichwa.

"Utanituma kwa nani?" Andro akauliza.

"Kwa wote."

"Taja."

Akawataja kama mtu anayetaja vitu vya kununua dukani. Baba yako. Mama yako. Ilija, nduguyo. Dada zako wote wawili. Mjomba wako wa Stambuli.

"Halafu?"

"Kunywa chai."

"Halafu nani, Stane?"

"Halafu basi."

Andro aliutazama ukuta, ule alioupanga mara mbili. Kifua chake kilifanya kelele ya kokoto zikivutwa na wimbi. "Ningependa kujua," akasema polepole, "kama nimtafute."

Stane alikaa na kikombe mkononi. Hawakuwa wamelitamka jina lile kati yao tangu ile simu. Alisubiri aone kama kuna kitu kitakachopanda kifuani pake, kwa sababu alijua kwamba hapa ndipo mahali pa machozi, kama mtu mzima ajuavyo ngazi za nyumba yake gizani. Hakikupanda kitu. Chai ilikuwa imepoa, na kwa kuwa Andro hakuitaka, akainywa yeye.

Andro alikufa asubuhi ya upepo wa kusini, na nje zeituni zilikuwa zikidondoka nyavuni kama mvua inayoanza. Stane alimfunga taya kwa kitambaa, akamfumba macho. Jambo la kwanza alilolifikiri ni kwamba zile zilizodondoka zikilala chini siku mbili mafuta yatakuwa makali.

Savo alifika kabla ya kengele ya monasteri. Alikuwa mtoto wa baba mdogo wa Andro, kichwa cha akina Dapković wa chini, mwenye wana watatu na nyumba iliyojaa kelele. Savo hakuwa mtu mbaya. Ni yeye aliyeikata matawi mizeituni yao Andro aliposhindwa kupanda, na hakuwahi kulisema hilo mgahawani. Alikaa jikoni, kofia juu ya goti.

"Pole, shemeji. Nimekwisha wapeleka vijana wakachimbe."

"Asante, Savo."

"Utamlilia mwenyewe?"

"Nani mwingine? Dada zake wamekufa."

Zamani mke hakumlilia mumewe mbele za watu. Ilikuwa aibu, mama na dada ndio waliolia, naye mke alinyamaza akatazama chini. Savo aliijua desturi hiyo akaiacha ipite. Hakuja kwa ajili yake.

"Wiki ijayo ni Malaika Mkuu," alisema. Hiyo ilikuwa sikukuu ya nyumba, mtakatifu ambaye akina Dapković walimwashia mshumaa, na mwanamume wa nyumba akamvunjia mkate, tangu babu yule wa mbuzi. "Nani atauvunja mkate hapa?"

Stane alikuwa akichagua mawe kwenye ngano ya kuchemshia matanga.

"Mimi niko tayari. Mshumaa nitauhamishia kwangu, moshi wa nyumba yenu utaendelea chini ya moshi wetu, mizeituni nitaitunza kama unavyojua ninavyoitunza. Lakini siwezi kuvunja mkate wa mtu aliye hai, shemeji. Nitakuwa mwizi. Na siwezi kuuacha usivunjwe, maana watasema Savo aliketi chini akaitazama nyumba ya juu ikizimika. Niambie nifanye nini."

"Unataka nimtaje."

"Nataka umwache apumzike."

"Na kama yuko hai?"

"Stane." Savo aliigeuza kofia. "Simu siku hizi ziko mpaka mifukoni mwa watoto. Mtu aliye hai angepiga." Kisha, kwa sauti ya chini, na hapa alikuwa akisema kweli kabisa: "Hujawahi kumlilia. Umewalilia watoto wa watu wote wa ukoo huu isipokuwa wako. Mtaje, ulie, upone. Mwanamke hawezi kukaa hivi."

Savo alipoondoka, Stane aliendelea kuchagua ngano. Alifikiri kwamba huenda Savo amesema sawa. Huenda lile jina ndilo lililoziba. Ukilitoa, maji yatatoka nyuma yake, yote, ya miaka, atalia kama alivyowaliza wengine, na baadaye atakuwa amechoka na mwepesi kama wao. Alilitazama jambo hilo kutoka mbali, kama anavyotazama pwani na mahoteli yake.

Ngano ilikuwa tayari motoni Anđe alipoingia bila kubisha, amebeba chupa ya rakija, pombe yao kali ya matunda, na mfuko wa sukari.

"Nimekutana na Savo. Ana kofia mkononi, kwa hiyo anataka kitu."

"Anataka nimtaje Krsto."

Anđe aliketi. Kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya yeyote, alikaa kimya muda wa kumimina glasi mbili.

"Na wewe?"

"Sijui."

"Ukimtaja hana kurudi. Unamkumbuka Špiro, yule Marehemu. Alilala kitanda cha wageni nyumbani kwake mwenyewe, maskini, na meno yake ya dhahabu."

"Namkumbuka."

"Na usipomtaja, Andro atafika kule hajui kama amtafute au akae."

Stane alimtazama. "Nani amekwambia hivyo?"

"Nani aniambie? Kila mwanamume wa nyumba hii alikuwa anakwenda kule kwa mtu. Huyu wako anakwenda bila kujua." Anđe alimgusa kifuani kwa kidole kimoja, kwa ukali, kama anayegonga mlango. "Hapa unasikia nini, we mwanamke?"

"Nasikia ngano inaungua," Stane akasema, akainuka kwenda kuitazama.

Ilikuwa imeshika chini kweli.

Siku ya mazishi upepo ulitulia. Ua ulijaa mpaka kwenye kisima, watu wa nyumba zote, na waliofika kutoka Budva na Bar waliegesha magari mpaka barabara kuu. Kila mmoja alijua kinachosubiriwa. Wanaume ambao kwa kawaida husimama nje ya ukuta wakivuta sigara, leo walizizima sigara wakaingia. Savo alisimama miguuni pa jeneza, kichwa wazi, na mwanga ukamwonyesha kwamba naye amezeeka. Baba Jelisej, mtawa wa monasteri, mtu mnene mwenye haraka, alikuwa ameambiwa ayafupishe ya kwake, akayafupisha.

Stane akakamata ncha ya kitambaa.

*Ee Andro, mjenzi wangu,
ulipanga jiwe kwa jiwe,
leo wamekupanga wewe.*

Wanawake wakaitikia. Sauti yake ilitoka ilivyotoka siku zote, sawa, mshono kwa mshono. Akasimulia ukuta na tetemeko. Akasimulia mikono. Kisha akaanza kutuma.

*Nisalimie baba yako,
mwambie paa halivuji.
Nisalimie mama yako,
mwambie chungu chake kipo.
Nisalimie Ilija,
aliyelala bila kaburi,
mwambie jina lake tunalo.*

Akapita kwa dada wawili. Akapita kwa mjomba wa Stambuli. Akawapa salamu na wazee wa kokoto, wale waamuzi, ambao si kila msiba unaowafikia. Watu wakajua anajiongezea njia, na hawakumlaumu. Halafu wafu wa akina Dapković wakaisha.

Akanyamaza. Kuku mmoja alikuwa akikwaruza majani nyuma ya kinu. Stane aliangalia viatu vya mumewe, vile vya kanisani, ambavyo yeye mwenyewe alivipaka rangi jana, akaona kwamba kimoja hakikufungwa sawa. Alilijua jina. Lilikuwa hapo nyuma ya meno, silabi mbili, dogo, na alihisi uzito wake kama mtu anavyohisi kijiko mdomoni. Akasubiri kama litatoka. Kilichotoka kilikuwa kingine, na alikisikia wakati ule ule walipokisikia wao.

*Na kama kule utamkuta
mmoja wa kwetu, mrefu,
anayekohoa kama wewe,
usimwulize alikuwa wapi.
Mpe sikio ulilomnyima.
Na usipomkuta, Andro,
usimwulizie kwa mtu.
Keti kwenye kizingiti,
mlango uache ulivyo.*

Wanawake hawakuitikia mara moja, kwa sababu hawakujua waitikie nini. Anđe ndiye aliyeanza, sauti yake mbovu kama bawaba, na wengine wakamfuata.

Stane aliinama akakifunga kiatu cha Andro sawasawa. Macho yake yalikuwa makavu. Alikuwa ametoa mbele ya ukoo mzima aibu ambayo mumewe aliificha mpaka kufa, na hakusikia fahari wala majuto. Alisikia baridi kwenye vidole.

Langoni mwa makaburi, rakija ilipopita, wanaume walibishana kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia.

"Amemtaja au hajamtaja?"

"Jina ulilisikia?"

"Jina sikulisikia. Kikohozi nilikisikia."

"Kikohozi si mtu."

"Kwa akina Dapković ni mtu kabisa, mwenzangu. Ungelala karibu nao hemani mwaka ule wa tetemeko ungejua."

"Na hilo la sikio ni la nini? Andro alimfanya nini mtoto?"

"Mke hakupaswa kulisema."

"Mke hakupaswa kulia kabisa! Ndiyo maana wazee walikataza. Mama atakusifu. Mke anakujua."

Walicheka kidogo, kisha wakakumbuka walipo. Savo alisimama pembeni hakuchangia. Glasi yake ilikuwa imejaa, na alipogundua kwamba Stane anamtazama, aliimwaga chini kidogo, kwa ajili ya marehemu, akainywa iliyobaki kwa mkupuo. Stane aliyasikia yote hayo kama unavyosikia mvua juu ya paa la mtu mwingine.

Siku za wiki ile alichuma zeituni. Anđe alikuja, na wana wa Savo walikuja bila kuitwa, wakazikunja nyavu, wakabeba magunia mpaka kinuni. Hakuna aliyelizungumzia. Mafuta yalikuwa makali, kama alivyojua yatakavyokuwa.

Asubuhi ya Malaika Mkuu alikanda mkate wa sikukuu, akaupiga mhuri wa kanisa juu, akauoka. Akaweka mezani mvinyo mwekundu, ngano, jibini, samaki waliotiwa chumvi, na mshumaa mrefu katikati. Nyumba yenye msiba haitandazi sherehe, lakini mtakatifu haahirishwi. Walikuja wachache: Anđe, majirani wawili, Baba Jelisej na haraka yake. Savo alifika wa mwisho. Alikuwa na kofia mkononi, akasimama kizingitini, akakitazama kiti cha kichwani pa meza, kiti cha Andro, ambacho hakikuwa na mtu.

"Nakaa wapi, shemeji?"

Chumba kizima kilisikia swali lilivyokuwa zito. Aliyeliuliza angeweza kukalia kile kiti na nusu ya ukoo ingesema amefanya haki.

"Unapokaa kila mwaka," Stane akasema.

Savo alisimama kidogo. Kisha akaenda kwenye benchi la dirishani, mahali pa wageni, akaketi, na benchi likalia chini yake kama linavyolia kila mwaka.

Baba Jelisej aliwasha mshumaa, akaimba ya kuimbwa, akauinua mkate. Mkate huo huzungushwa na kuvunjwa na padri pamoja na mwanamume wa nyumba. Mtawa alisubiri, mikono imejaa.

"Nani wa nyumba?" akauliza.

Stane alijifuta mikono kwenye aproni. "Niko mimi."

"Haijapata kutokea, Stane."

"Haijapata."

Baba Jelisej alimgeukia Savo, kwa kuwa pale hapakuwa na mwingine wa kugeukiwa. Savo alikuwa akiutazama mshumaa. Shavu lake lilikuwa limesimama kama la mtu anayeumwa na jino.

"Soma tu, Baba," akasema. "Nta inadondoka kwenye samaki."

Basi wakauzungusha, mtawa upande mmoja na Stane upande wa pili, wakaumwagia mvinyo kwa umbo la msalaba, wakauvunja. Ulikuwa bado na joto. Stane alilihisi joto hilo viganjani, akangoja aone kama litapanda mpaka mahali fulani. Liliishia kwenye vifundo vya mikono. Akagawa vipande. Watu wakala, wakasema Mungu amrehemu Andro, wakala tena, wakanywa, wakazungumza juu ya mafuta na bei ya hoteli na mvua, na hakuna aliyekaa sana.

Anđe alibaki kuosha vyombo. Alikuwa akitafuna kipande chake cha mwisho polepole, uso umekunjwa.

"Mkate wako hauna chumvi," akasema.

Stane aliacha kufuta meza. Akachukua kipande, akala. Alitafuna muda mrefu. Ilikuwa kweli, haukuwa na ladha hata kidogo, ulikuwa kama kutafuna mkono wa mtu aliyelala. Naye alikuwa amekwisha kula vipande viwili pamoja na wageni bila kujua.

"Hawakusema," akasema.

"Nani angesema? Savo alikula vitatu. Nilikuwa namwangalia, machozi karibu yamtoke." Anđe alikausha mikono. "Mwaka ujao utie."

Stane alikusanya vipande vilivyobaki, akavifunika kwa kitambaa, akaviweka kwenye rafu karibu na mlango, mahali mtu anayeingia kutoka safarini huweza kuvifikia kabla hajavua koti.

"Nitatia," akasema.